Mwongozo wa tiba ya kifafa upo, mtihani ni kidonge cha mwezi wa pili

MIONGOZO ya tiba ya kifafa si migumu kusomeka. Upo ule wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kwa ajili ya watumishi wa afya wasio mabingwa. Upo pia mwongozo wa taifa wa matibabu unaoambatana na orodha ya dawa muhimu, ambao toleo lake la sita lilitoka mwaka 2021. Kwa ujumla tabibu wa zahanati anatakiwa kufanya mambo yasiyohitaji mashine wala bingwa wa mishipa ya fahamu. Amsikilize mgonjwa pamoja na mtu aliyemshuhudia akianguka. Ajiridhishe kuwa tukio hilo limetokea zaidi ya mara moja, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Aanze na dawa moja, kwa kipimo kidogo, akiongeza taratibu. Asiikatishe ghafla. Amwone tena mgonjwa baada ya wiki chache.

Kwa aliyezoea kuamini kuwa maradhi ya ubongo ni ya hospitali kubwa, maelekezo hayo yanaweza kuonekana mepesi mno. Wepesi huo ni wa makusudi. WHO inakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka endapo wangetambuliwa na kupewa dawa ipasavyo. Kungojea bingwa afike kila wilaya ni kuwaacha wengi wa hao bila tiba, na ndiyo maana kazi ikashushwa hadi ngazi ya zahanati.

Ugumu uko katika ile sentensi ya mwisho, ya kumwona tena mgonjwa. Katika wilaya kama Wanging'ombe mkoani Njombe, sentensi hiyo ina maana kwamba mtu aliyetoka kijiji cha Kipengere au Kijombe atarudi, ataikuta dawa ileile aliyopewa mara ya kwanza, na atamkuta mtumishi anayejua alianguka mara ngapi tangu walipoonana. Mambo hayo matatu hayapatikani kwa kuchapisha kitabu.

Wanging'ombe, yenye makao makuu Igwachanya, ilianzishwa mwaka 2012 sambamba na kuundwa kwa Mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Iringa. Barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Mbeya hupita katika sehemu yake ya chini, wakati sehemu ya juu inapanda hadi kwenye vijiji vya baridi kali vya safu ya Kipengere. Hospitali ya Kilutheri ya Ilembula imelihudumia eneo hilo kwa miongo mingi, na Makambako, mji wa njia panda ulio jirani, ni soko la karibu kwa wengi, la mazao na la dawa pia.

Ni wagonjwa wangapi wanaozungumziwa? Tafiti zilizofanyika nchini zimetoa majibu yanayotofautiana sana. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulipata karibu watu 3 wenye kifafa kwa kila watu 1,000. Katika Wilaya ya Ulanga, Morogoro, utafiti ulioongozwa na Dk. H. T. Rwiza na kuchapishwa mwaka 1992 ulipata 10.2 kwa kila 1,000, na tofauti kati ya kijiji na kijiji ilikuwa kubwa, kuanzia 5.1 hadi 37.1. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Wanging'ombe watu 161,816. Kwa kiwango cha Hai wilaya hiyo ingekuwa na wagonjwa wapatao 480. Kwa kiwango cha Ulanga, 1,650. Hesabu hiyo si takwimu ya wilaya. Ni kipimo tu cha ukubwa wa kazi, na tangu hapo watu wa mkoa mzima wameongezeka kutoka 702,097 hadi 889,946 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022.

Yachukuliwe makadirio ya chini. Mtu mzima anayetumia fenobabitoni miligramu 90 kila usiku, kipimo kisicho kikubwa, humeza vidonge vitatu vya miligramu 30. Kwa mwaka ni vidonge 1,095. Kopo zima la vidonge 1,000 halimfikishi mtu mmoja mwisho wa mwaka. Wagonjwa 480 wa namna hiyo wanahitaji zaidi ya vidonge 525,000. Wapo watoto watakaotumia pungufu, na wapo watakaopewa kabamazepini badala yake, lakini hesabu inabaki ya malaki na haiwezi kutimizwa kwa makopo mawili matatu ya kwenye rafu ya zahanati.

Kinachoifanya hesabu hiyo kuwa ya hatari ni tabia ya dawa yenyewe. Zipo dawa ambazo mgonjwa akizikosa kwa wiki mbili hurejea tu pale alipokuwa. Fenobabitoni si mojawapo. Ubongo uliokwisha kuizoea, ukiikosa ghafla, unaweza kumtumbukiza mgonjwa katika mashambulio yanayofuatana bila fahamu kurejea, hali inayoweza kuua katika muda wa saa chache. Zahanati inayoanzisha tiba kisha ikaishiwa dawa inaweza, katika siku hizo, kumweka mgonjwa mahali pabaya kuliko pale alipokuwa kabla hajatibiwa. Kwa hiyo mwongozo unaotekelezwa nusu hauleti nusu ya faida.

Tanzania ina ushahidi wake katika jambo hili, na ni wa zamani. Mwaka 1960 Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika Wilaya hiyohiyo ya Ulanga. Dawa kuu ilikuwa fenobabitoni. Kati ya wagonjwa 164 waliotibiwa kwa mfululizo, asilimia 52.4 waliacha kabisa kuanguka na wengine wengi walipata nafuu. Yeye na Dk. Rwiza walipowafuatilia watu hao miaka 30 baadaye, 110 walikuwa wamefariki. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na kifafa chenyewe: mashambulio ya mfululizo, kuzama majini, kuungua moto. Takwimu za kliniki moja zimebeba sura zote mbili za ugonjwa huu. Unatibika hata kijijini kwa dawa ya bei ndogo, na ukipata nafasi unaua.

Nchini Kenya, utafiti uliofanyika Nakuru na kuchapishwa mwaka 1991 uliwahusisha wagonjwa 302 waliopewa ama fenobabitoni ama kabamazepini kupitia huduma za afya ya msingi. Katika nusu ya pili ya mwaka wa tiba, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa hawakuanguka hata mara moja. Swali la kama mtumishi wa kawaida anaweza kutibu kifafa lilikwisha kujibiwa, basi, muda mrefu kabla miongozo ya sasa haijaandikwa.

Hata hivyo, utafiti mwingine wa Hai ulionyesha kuwa asilimia 68.4 ya wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa. Hai iko jirani na Moshi, yenye hospitali ya rufaa ya KCMC. Ikiwa theluthi mbili walikuwa nje ya tiba katika wilaya yenye ujirani huo, ni vigumu kudhani kuwa wilaya za milimani zilizo mbali na hospitali kubwa zilikuwa na hali bora zaidi.

Sehemu ya maelezo iko katika namna dawa zinavyoombwa. Vituo huandaa maombi yao kwa Bohari ya Dawa kwa vipindi, vikitumia kumbukumbu za matumizi ya kipindi kilichopita. Hesabu husawazishwa kwa siku ambazo dawa haikuwapo, na huo ni utaratibu mzuri kwa dawa ya malaria au ya kichomi, ambayo mgonjwa wake mpya atakuja kesho. Kwa kifafa, mgonjwa aliyefika mara mbili akakuta hakuna dawa huacha kuja. Matumizi yanaposhuka, ombi linalofuata linakuwa dogo zaidi, na kwenye karatasi itaonekana kana kwamba wagonjwa wa kijiji hicho wamepungua. Mfumo haudanganyi, unahesabu waliokuja.

Fenobabitoni ina mzigo mwingine. Imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, hivyo uingizaji wake unahitaji vibali ambavyo dawa nyingi za kawaida hazivihitaji. Dawa inayotumika tangu mwaka 1912, isiyo na faida kubwa kwa mfanyabiashara na yenye makaratasi mengi, si bidhaa ya kukimbiliwa na waagizaji.

Lakini iko sababu nyingine ya kuitazama Njombe kwa jicho la pekee. Mkoa huo ndio wenye kiwango kikubwa kuliko yote nchini cha maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wakiishi na VVU, na ule wa mwaka 2022 na 2023 ukakuta asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa ukiwa asilimia 4.4. Jambo hilo linaigusa tiba ya kifafa kwa namna mbili, moja ya hatari na nyingine ya matumaini.

Ya hatari ni kwamba dawa tatu za kifafa zilizozoeleka zaidi, yaani fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, hulifanya ini liyeyushe dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Mojawapo ya dawa zinazoyeyushwa hivyo ni dolutegraviri, ambayo ni nguzo ya mchanganyiko wa kufubaza VVU unaotumika sasa nchini. Miongozo ya kimataifa inataka ama dawa ya kifafa ibadilishwe, ama dolutegraviri itolewe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mgonjwa mwenye maradhi yote mawili anaweza kumeza vidonge vyake vyote kwa uaminifu, na bado virusi vikaongezeka kwa sababu dirisha lililompa dawa ya kifafa halikuwasiliana na dirisha lililompa ARV. Mahali ambapo zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kumi anaishi na VVU, kosa la namna hiyo haliwezi kuitwa la nadra. Tahadhari hiyo inastahili kusomwa kabla ya kurasa nyingine zote.

Ya matumaini ni kwamba Njombe imekwisha kujifunza kazi ambayo tiba ya kifafa inaihitaji. Kwa zaidi ya miaka 20 kliniki za tiba na matunzo zimekuwa zikiwapa watu wenye VVU dawa ya maisha. Mgonjwa ana kadi yake, ana tarehe ya kurudi, na asipotokea yupo mtu wa kumuulizia. Kliniki inajua walioanza ni wangapi, waliobaki ni wangapi na waliopotea ni akina nani. Huduma ya kifafa kwa kawaida imewekwa chini ya afya ya akili, ikimtegemea muuguzi mmoja au wawili waliosomea fani hiyo, na takwimu zake huingia katika mfumo wa taarifa wa MTUHA kama mahudhurio. Mahudhurio 40 ya mwezi yanaweza kuwa watu 40 waliokuja mara moja au watu 20 waliokuja mara mbili, na hakuna popote panapoonyesha kama kuanguka kwao kumepungua.

Kuiga utaratibu wa VVU hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji kadi, rejista inayofuata jina badala ya mahudhurio, na mamlaka ya kumpa mgonjwa aliyetulia dawa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja. Inapaswa kukumbukwa, lakini, kwamba huduma za VVU zilijengwa kwa fedha nyingi za wafadhili, hasa Marekani, na usitishaji wa misaada ya nchi hiyo ulioanza Januari 2025 ulionyesha jinsi nguzo hiyo ilivyo ya wengine. Kifafa hakijawahi kuwa na mfadhili wa aina hiyo. Pengine hilo ni afueni, kwani kitakachojengwa kitalazimika kuwa cha gharama ambayo halmashauri inaweza kuibeba.

Nje ya kituo cha afya, mwongozo unakutana na moto. Vijiji vya juu vya Wanging'ombe ni vya baridi, na jiko la mafiga ndilo joto la familia. Mtu anayeanguka kifafa karibu na jiko anahitaji mkono wa aliye jirani katika sekunde za mwanzo. Utafiti wa Dk. Rwiza na wenzake uliochapishwa mwaka 1993, uliowahoji wakuu wa kaya 3,256 wa vijijini, ulikuta asilimia 40.6 wakiamini kuwa kifafa huambukiza, kwa kumgusa mgonjwa, kwa pumzi yake, hata kwa hewa anayoitoa tumboni. Anayeamini hivyo hurudi nyuma. Makovu ya moto yanayoonekana kwa wagonjwa wengi wa kifafa vijijini yametokana na imani hiyo kama yalivyotokana na ugonjwa. Takwimu hiyo ni ya miaka mingi, na shule na redio zimefanya kazi tangu wakati huo, ila hakuna mwongozo wa tiba unaoweza kudhani kuwa kazi imekwisha.

Maelekezo ya huduma ya kwanza yanaingia katika pumzi moja: mwondoe kwenye moto au maji, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, na ikizidi dakika tano tafuta msaada, kwani zahanati inaweza kumpa diazepamu kwa njia ya haja kubwa hata kama mshipa haupatikani.

Mganga wa jadi naye yumo katika safari ya mgonjwa, mara nyingi kabla ya zahanati. Kumshambulia hakujawahi kuleta mgonjwa hata mmoja kliniki. Kumwomba asizuie dawa za hospitali, na ampeleke zahanati anayeanguka kila wiki, kunaonekana kuwa njia yenye faida zaidi. Halikadhalika ulanzi. Msimu wa mvua unapofika na mianzi ikagemwa, ushauri wa kuacha pombe kabisa huku ukitumia fenobabitoni unageuka kuwa jambo la mezani na majirani, wala si mstari tu kwenye kadi. Pombe na dawa hiyo kwa pamoja hulevya kupita kiasi, na unywaji mwingi ukikatishwa ghafla waweza wenyewe kuleta degedege.

Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwa hiyo sababu moja kubwa ya degedege kwa watoto wa mabondeni haina nguvu sana huko. Badala yake kuna nguruwe. Nyanda za Juu Kusini ni eneo la ufugaji wa nguruwe, na tafiti zilizofanyika katika ukanda huo zimethibitisha kuwapo kwa minyoo aina ya tegu. Hapa pana upotoshaji unaofaa kusahihishwa. Anayekula nyama yenye vifuko vya tegu ambayo haikuiva vizuri hupata tegu wa tumboni. Ugonjwa wa ubongo humpata aliyemeza mayai ya tegu, yanayotoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, kwa njia ya mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto anaweza kuupata, ikiwa jirani yake hana choo.

WHO ilitoa mwongozo mahsusi wa ugonjwa huo mwaka 2021, na unasisitiza tahadhari: dawa za kuua minyoo hao wakiwa ndani ya ubongo hazitolewi kwa kubahatisha kabla ya picha ya kichwa, kwa sababu uvimbe unaofuata unaweza kuleta mashambulio makali. Mashine za CT zimefikishwa katika hospitali za rufaa za mikoa katika miaka ya karibuni, ila nauli ya kwenda na gharama ya kipimo bado ni za mgonjwa. Choo, ukaguzi wa nyama na banda la kuwafungia nguruwe havimo katika kitabu cha tabibu. Vimo katika kazi za bwana afya na bwana mifugo, ambao kwa kawaida hawaalikwi mwongozo wa kifafa unapozinduliwa.

Toleo la mwaka 2023 la miongozo ya WHO liliongeza jambo moja ambalo wilaya haiwezi kulipuuza. Valproeti isitolewe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa, kwa sababu ya madhara kwa mtoto aliye tumboni. Lamotrijini au levetirasetamu ndizo zinazopendekezwa. Ni agizo sahihi, lakini halina maana kwa mwanamke wa Igosi ikiwa dawa mbadala inapatikana tu katika famasia ya mjini, kwa bei ambayo mkulima wa viazi hawezi kuilipa kila mwezi.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo kwa makundi maalumu, wakiwamo wenye maradhi ya kudumu, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Msamaha humwondolea mgonjwa bei ya dawa iliyopo. Haumnunulii ile isiyokuwapo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la kufikisha wahudumu 137,294 nchini, unaweza kuwa ndio mkono unaokosekana kati ya zahanati na nyumba, ikiwa kifafa kitaingizwa katika orodha ya wanaotembelewa pamoja na wajawazito na watoto.

Mei 2022 nchi wanachama wa WHO, Tanzania ikiwamo, ziliridhia mpango wa dunia wa kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu. Lengo lake mojawapo ni kuongeza huduma za kifafa kwa asilimia 50 ifikapo mwaka 2031, ikilinganishwa na mwaka 2021. Asilimia huhesabiwa kuanzia mahali fulani. Kwa Wanging'ombe mahali hapo ni rejista ya kila zahanati: majina mangapi ya wenye kifafa, wangapi walichukua dawa mwezi uliopita, wangapi wanatumia ARV pia, wangapi hawajaanguka kwa miezi mitatu. Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa kila mwaka, na maombi ya dawa huandikwa mara kadhaa ndani ya mwaka huo. Yote mawili yangeweza kuandikwa kutokana na ukurasa huo mmoja.